Tanbihi za Biblia na Imani ya Msomaji Mkatoliki

Biblia nyingi za siku hizi huchapishwa pamoja na tanbihi. Humo msomaji Mkatoliki hukumbana na kauli zinazomtatiza, mathalani kwamba kitabu cha Isaya ni kazi ya zaidi ya mwandishi mmoja. Wapo wanaozitupilia mbali tanbihi hizo kama uzushi. Wapo pia wanaozipokea kama Maandiko yenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa pande zote mbili zinakosea.

Kwa mujibu wa Kanuni ya 825 ya Sheria za Kanisa za 1983, tafsiri ya Maandiko Matakatifu sharti iidhinishwe na Kiti Kitakatifu au Baraza la Maaskofu, na iambatane na maelezo ya kutosha. Hivyo basi, Kanisa lenyewe ndilo linalodai tanbihi. Hata hivyo, idhini hiyo ina mipaka. Yathibitisha kuwa kitabu hakikiuki imani wala maadili. Haigeuzi kila dhana ya mtaalamu kuwa fundisho la Kanisa.

Tuchukue Isaya 7:14. Neno la Kiebrania almah humtaja msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, ilitumia parthenos, yaani bikira, na Mathayo 1:23 ikaifuata. Biblia ya Wakatoliki wa Marekani, New American Bible, iliandika "bikira" mwaka 1970. Toleo la 2011 likaandika "mwanamke kijana". Je, imani imepunguzwa? La. Tanbihi ya toleo hilo yaeleza kwanza maana ya neno, kisha yasema kuwa inaeleweka kwa nini andiko hili lilifasiriwa kuwa linahusu kuzaliwa kwa Kristo. Anayeishia nusu ya kwanza huondoka na shaka ambayo nusu ya pili ingaliiondoa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili twalijua vyema tatizo hili. Neno "mwali" humtaja msichana aliyevunja ungo; ubikira wake hudhaniwa na jamii, bali haumo katika maana ya msingi ya neno. Anayelifasiri hana budi kuchagua, na kila uchaguzi hudai maelezo.

Ni bayana, basi, kuwa tanbihi haziko daraja moja. Tanbihi ya lugha hupimwa kwa kamusi na matini asilia. Tanbihi ya historia hupimwa kwa ushahidi, na yaweza kurekebishwa kesho. Tanbihi ya imani hupimwa kwa mafundisho ya Kanisa. Papa Pius XII, katika waraka wake Divino Afflante Spiritu wa 1943, aliwahimiza wafafanuzi wazingatie tanzu walizotumia waandishi wa kale. Kwa hiyo uhakiki si adui wa imani. Msomaji na aiulize kila tanbihi inazungumzia nini, na kwa mamlaka gani, ndipo aamue kiasi cha kuiamini.