Je, Wajua? Siku Moja Peke Yako Usambara

Haya, kaza kamba za viatu. Leo unapanda milima ya Usambara, mkoani Tanga, na huna mwenzako.

Je, wajua kwamba kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini unapanda karibu mita 1,000? Kila mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi. Mombo ulikuwa unajipepea na gazeti. Lushoto unaulizia sweta za mtumba.

Tena milima hii ni mikongwe kuliko Kilimanjaro, kwa mbali! Kilimanjaro ni volkano ya juzijuzi, haijafikisha hata miaka milioni 3. Usambara ilianza kuinuka angalau miaka milioni 30 iliyopita.

Unataka kujua utatembea saa ngapi? Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu inayotumika mpaka leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith hakuwahi kupita njia za Wasambaa, maana hesabu yake haina muda wa salamu. Huku kila mama mwenye mzigo wa kuni kichwani husalimiwa, na salamu haiishi kwa neno moja.

Mwaka huohuo wa 1892, ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota huku ua dogo la zambarau linalopenda miamba yenye kivuli, akampelekea baba yake mbegu Ujerumani. Leo ua hilo limo kwenye mamilioni ya vyungu vya madirishani, Ulaya na Marekani. Nawe umelipita bila kugeuza shingo!

Simama. Umeuona ule mstari mweusi unaokatisha njia? Siafu hao. Inama kidogo, usiguse: wadogo wanapita katikati mbiombio, na pembeni wamejipanga wenye vichwa vikubwa, taya wazi, zimeelekea juu. Sasa sikia: siafu wafanyakazi hawana macho! Msafara wote huo unakwenda kwa kunusa na kugusana. Ruka, na ukitua kung'uta suruali.

Na yule pale kwenye kijiti? Mtazame vizuri, kwa sababu hazidi kidole chako. Ni kinyonga wa huku, mwenye kinundu cha miiba puani, wataalamu humwita Rhampholeon spinosus. Mwaka 2016 Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alichapisha vipimo vya ndimi za vinyonga wa aina 20, na aliyewashinda wote kwa mwondoko wa ulimi ni huyuhuyu kibushuti. Ulimi wake hufyatuka hadi mara 2 na nusu ya urefu wa mwili. Gari lenye mwondoko ule lingetoka kusimama hadi kilomita 90 kwa saa ndani ya sehemu 1 ya 100 ya sekunde! Halafu anarudi kutembea kwa kusitasita, mguu mbele mguu nyuma. Mimi humwona kuwa ndiye mnyama mnafiki kuliko wote msituni.

Juu ya miti kuna mbega, na mbega hana kidole gumba. Anaruka tawi hadi tawi kwa vidole 4, na tumbo lake lina vyumba kadhaa, la kusagia majani kutwa nzima.

Ukivuka upande wa mashariki, kule Amani, yupo chura asiyetaga mayai: anazaa vitoto vyenye miguu tayari. Unabisha? Nenda kamuulize.

Ukifika Irente, usisogee sana ukingoni. Chini yako kuna karibu mita 1,000 za hewa tupu. Unaona tambarare za mkonge kule bondeni? Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa mkonge.

Na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandika kamba ya chuma ya takriban kilomita 9 kutoka Shume hadi Mkumbara kwenye reli. Mierezi ikawa inateremka mlima ikining'inia angani.

Kugeuza ni mapema. Huku karibu na ikweta jua huzama wima, na mwanga wa magharibi hauchukui hata nusu saa kwisha. Mtandao wa simu nao bondeni hauna adabu. Lakini je, wajua kwamba tangu mwaka 1894 wapanda milima wa Alps wana lugha yao ya filimbi? Puliza mara 6 ndani ya dakika 1, nyamaza dakika 1, rudia. Aliyekusikia hujibu mara 3. Basi kabla hujatoka asubuhi, mweleze mwenyeji wako unakopita, na umfundishe hizo 6 na 3. Vinginevyo atasikia filimbi huko mlimani na kuuliza leo ni timu gani zinacheza.