Kilima Kimepata Dawa, Bado Barabara

Ukitoka Machakos mjini kwenda Mutituni na kusonga mbele kidogo, unafika Kyamwilu. Hapo dereva husimamisha gari, akatoa gia, akaachilia breki, na gari likaanza kwenda lenyewe kuelekea upande unaoonekana kuwa wa juu. Watu hutoka mbali kuja kujionea. Mahali pa namna hii papo katika nchi kadhaa, na maelezo yake yanajulikana: miinuko inayoizunguka barabara huficha upeo, jicho likakosa kipimo, na mteremko mdogo ukaonekana kuwa mwinuko. Gari linashuka kama kawaida.

Kwingineko Machakos, jicho halidanganyi. Mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya vilima vya Iveti, na njia nyingi zinazouingia zinapanda au kushuka. Sote tumemwona yule kijana mwenye mitungi minne ya maji kwenye keria ya baiskeli. Kila mtungi ni lita 20, kwa hiyo amebeba kilo 80. Mahali tambarare hupita akipiga kengele. Akifika kwenye mwinuko hushuka, akainama, akasukuma.

Nimeanza na kijana huyu kwa sababu mjadala wa baiskeli mijini mara nyingi huongozwa na picha za miji tambarare ya Uholanzi na Denmark, na mtu wa Machakos akizitazama husema, kwa haki kabisa, kwamba huko hakuna Iveti. Hoja yake inastahili jibu la hesabu.

Hesabu ya mlima

Tuchukue mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 25. Anapanda mwinuko wa asilimia 5, yaani kila mita 100 za barabara zinamwinua mita 5. Akitaka kwenda kilomita 12 kwa saa, anahitaji nguvu ya wati 190 hivi. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwenda katika kuinua uzito. Upepo na msuguano wa tairi huchukua kiasi kidogo tu.

Sasa mwili wa binadamu. Mtu mzima wa kawaida, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuhema. Kwa nguvu hiyo, mwinuko ule ule ataupanda kwa kilomita 6 kwa saa, karibu sawa na mtu anayetembea kwa haraka. Ndiyo maana watu hushuka na kusukuma. Hawana uvivu wowote. Miguu yao imeshafanya hesabu hii kabla ya wahandisi.

Baiskeli yenye msaada wa umeme inaongeza zile wati 90 au 100 zinazokosekana. Mwendeshaji anatoa nusu, mota inatoa nusu, na kilomita 12 kwa saa zinapatikana kwa jasho la mtu anayetembea. Safari ya kilomita 5 inachukua dakika 25, hata kama yote ni kupanda.

Inavyofanya kazi

Kampuni ya Yamaha iliuza baiskeli ya kwanza ya aina hii nchini Japani mwaka 1993, na msingi wake haujabadilika. Karibu na pedali kuna kihisio kinachotambua kwamba unakanyaga. Vihisio vya bei nafuu hutambua mzunguko tu. Vilivyo bora hupima pia unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na mota ikasaidia kwa kipimo hicho. Ukiacha kukanyaga, mota nayo inaacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli hizi zina mota isiyozidi wati 250, na msaada hukatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ndani ya mipaka hiyo huhesabiwa kuwa baiskeli. Chombo kinachokwenda kwa kupinda mkono wa usukani bila kukanyaga kiko karibu zaidi na pikipiki, na ni vizuri mnunuzi ajue tofauti hiyo kabla ya kutoa pesa.

Gharama ya kila siku ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Betri ya wati-saa 360, ambayo ni ya kawaida, ikitumiwa kusaidia tu humfikisha mtu kilomita 30 hadi 40. Milima mingi na mizigo hupunguza umbali huo. Kuijaza kunakula kama yuniti 0.4 za stima. Hata tukihesabu shilingi 30 kwa yuniti moja, ni shilingi 12 au 13. Pikipiki hutumia takriban lita moja ya petroli kwa umbali huo, na kwa miaka ya karibuni lita hiyo imekuwa zaidi ya shilingi 150.

Petroli hiyo hununuliwa kwa fedha za kigeni na kuingia kupitia bandari ya Mombasa. Stima yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, kwenye upepo na kwenye mabwawa ya Mto Tana, likiwemo la Masinga, lililofunguliwa mwaka 1981 ukingoni mwa kaunti hii hii.

Betri inahitaji adabu. Tumia chaja iliyokuja nayo. Usiichaji kwenye njia ya kutokea nyumbani, wala usiiache mchana kutwa chini ya paa la mabati lililopata jua, kwa kuwa joto ndilo adui yake mkubwa. Usimruhusu mtu aifungue na kuunganisha seli kwa kubahatisha. Moto wa betri ya lithiamu ni mgumu kuzima. Ikitunzwa, inaweza kujazwa mara 500 hadi 1,000 kabla ya kuanza kuchoka kwa namna utakayoihisi. Na kwa kuwa kila anayepanda Machakos atashuka, kagua breki kabla ya kukagua mota. Baiskeli hizi ni nzito. Breki za diski zinafaa zaidi kuliko zile za mpira zinazobana ringi, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Kodi hubadilisha barabara

Bei ya kununua bado ni kizuizi, kwani baiskeli hii ni ghali mara kadhaa kuliko baiskeli ya kawaida aina ya Black Mamba. Lakini Kenya imeshaona sera moja ya kodi ikigeuza barabara zake. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960, nalo lilikuwa jina la baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zilizo chini ya cc 250, na katika miaka michache pikipiki zikalirithi jina hilo kiasi kwamba vijana wengi hawajui lilikuwa la baiskeli.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilizipa baiskeli za umeme nafuu kama ile. Mwaka huo huo mamlaka ya nishati, EPRA, ilianzisha bei maalumu ya stima kwa usafiri wa umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya ada na kodi nyingine. Nafuu hizi zilindwe. Vyama vya akiba na mikopo navyo, ambavyo vimewapa maelfu ya vijana pikipiki, vifikirie mkopo wa baiskeli wa kulipa kidogo kidogo kwa mwalimu, muuguzi wa hospitali ya Level 5, mwanafunzi wa chuo kikuu, na mama anayepeleka mboga soko la Marikiti. Huyu wa mwisho anahitaji fremu isiyo na bomba la juu, ili avae rinda lake na kupanda bila taabu, na keria imara mbele na nyuma. Watengenezaji wengi humsahau.

Kinachobaki ni hofu

Tuseme sasa kila mmoja wa hao amepata baiskeli. Je, atamruhusu mwanawe kuiendesha hadi shuleni? Hapa ndipo ninapouona mzigo wenyewe. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Mwendesha baiskeli hupita pembezoni mwa lami, kati ya mtaro na matatu, na hakuna mota itakayomwondolea hatari hiyo.

Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 60 kwa saa linagonga kwa nguvu mara nne ya gari la 30. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza kilomita 30 kwa saa pale magari na watu wanapochangamana. Karibu na Marikiti, hospitali na shule, kikomo hicho kingeokoa watu kuanzia siku ya kwanza. Kwenye barabara kubwa, njia ya baiskeli ya mita mbili, iliyotengwa kwa ukingo wa saruji wala si kwa mstari wa rangi, inatosha. Tuongeze nguzo za kufungia baiskeli sokoni na taa za barabarani zinazowaka.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti barabara zake, taa zake, na usimamizi wa magari na maegesho. Kwenye barabara hizo, kazi hii haihitaji kusubiri Nairobi.

Machakos ina somo lake lenyewe kuhusu miteremko. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi hii inakufa kwa mmomonyoko. Kuanzia hapo hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ukahifadhika vizuri zaidi, kwa sababu vikundi vya kusaidiana kazi, vya mwethya, vilichimba matuta ya fanya juu, shamba kwa shamba, kilima kwa kilima. Hawakuvisawazisha vilima vya Iveti. Waliyapunguzia maji kasi, na udongo ukabaki mahali pake.

Kiswahili chetu kina neno lile lile kwa tuta la shambani na tuta la barabarani. Kazi ya matuta hayo mawili pia ni moja. Mota itampandisha kijana wa mitungi hadi juu. Tukiyapunguzia magari kasi kama wazee walivyoyapunguzia maji, atafika nyumbani salama.