Somo la Redio kwa Watu Wazima: Mzee Anaposahau

Leo somo letu ni la afya. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: U-SA-HA-U-LI-FU. Lisomeni pamoja.

Kila mtu husahau. Ukisahau mahali ulipoweka jembe, kisha ukakumbuka, huo si ugonjwa. Lakini wako wazee ambao usahaulifu wao huzidi mwaka hata mwaka. Mzee huuliza neno lile lile mara nyingi. Huenda kisimani kwa njia aliyoipita miaka 40, akapotea. Huwasahau wanawe. Pengine hutembea usiku akisema peke yake, au hudai jirani amemwibia.

Watu wakiona hayo, wengine husema, "Amerogwa." Wengine husema, "Yeye ndiye mchawi." Maneno haya ni ya hatari. Sisi wa Kanda ya Ziwa twajua ya kuwa wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa akina mama. Tena tangu mwaka 1928 iko Sheria ya Uchawi. Anayemsingizia mwenzake uchawi afanya kosa.

Basi, jambo hili ni nini? Ni ugonjwa wa ubongo, nao huitwa demensia. Ubongo umo ndani ya kichwa, nao ndio utunzao kumbukumbu. Ugonjwa huu huuharibu pole pole. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mama mmoja aliyepotewa na kumbukumbu. Alipokufa, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona umeharibika. Wagonjwa wengine huupata kwa sababu damu haifiki vizuri ubongoni.

Hata hapa Tanzania ugonjwa huu upo. Mwaka 2010 wataalamu walipima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wilayani Hai, Kilimanjaro. Kama 6 katika kila 100 walikuwa nao. Baadaye walitengeneza kipimo kisichohitaji kusoma. Mzee hutaja wanyama, hutaja kiongozi wa kijiji, hukumbuka maneno aliyotajiwa, na hupanga njiti za kiberiti.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hata hivyo, yako ya kufanya:

1. Mpelekeni mzee zahanati au hospitali. Akichanganyikiwa ghafula, msikawie. Huenda ni malaria au nimonia, nayo hutibika.

2. Pimeni shinikizo la damu na sukari. Acheni tumbaku, punguzeni pombe. Hayo huulinda ubongo.

3. Msimfungie mzee, wala msimkaripie. Semeni naye kwa upole. Chezeni naye bao, mwimbe nyimbo za ujana wake.

4. Kazi ya kumtunza isiachiwe mtu mmoja. Ndugu wapokezane.

Wataalamu wameona pia ya kwamba waliokosa shule utotoni wamo katika hatari zaidi. Wanashauri akili iendelee kupewa kazi hata uzeeni. Kwa hiyo, msione haya kushika kalamu mkiwa na mvi.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Usahaulifu wa kawaida na ule wa ugonjwa hutofautianaje?

(b) Jirani akisema, "Bibi huyu ni mchawi," utamjibuje?

(c) Katika boma lenu, nani atampokea mlezi wa mzee ili apumzike?