Mtoto wa Nkombo na Lugha ya Darasani
(Elimu Mpakani, sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia karo. Tangu Septemba 2022 mchango wa mzazi katika shule ya msingi ya serikali nchini Rwanda ni faranga 975 kwa muhula. Sekondari ya bweni ni 85,000. Fedha inahesabika, ndiyo maana inatawala mikutano ya wazazi. Lugha ya kufundishia haizungumzwi sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mengi zaidi.

Tuchukue kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu, wilayani Rusizi. Mtoto wa mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huko hulelewa kwa Kihavu. Kinyarwanda anakutana nacho kanisani na kwenye ofisi ya sekta. Kiswahili anakiokota mjini Kamembe, mama anapokwenda kuuza, kwa sababu wanunuzi wengi wanatoka Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Akianza darasa la kwanza, kitabu cha hesabu anachofunguliwa kimeandikwa kwa Kiingereza.

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa muda mrefu Kifaransa ndicho kilichotangulia katika madarasa ya juu. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kishike nafasi hiyo, tena tangu madarasa ya chini. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishiwa Kinyarwanda. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kifaransa amelazimika kubadilika pamoja na wanafunzi wake, na tumhurumie kabla ya kumlaumu.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Binti anayemsaidia mama yake sokoni anabadili faranga za Kongo kuwa za Rwanda kichwani, na chenji hakosei. Mpe swali la maandishi la kugawana mafungu ya samaki, anakwama, kwa kuwa hakuelewa kama anatakiwa ajumlishe au agawanye. Mwalimu akimweleza kwa lugha anayoijua, analimaliza mara moja. Kwenye mtihani wa taifa wa darasa la sita hakuna wa kumweleza.

Kwa hiyo mzazi anayekimbilia shule ya binafsi yenye Kiingereza tangu chekechea simlaumu. Anajua kwamba alama za mtihani huo ndizo zinazofungua mlango wa bweni zuri. Wengine wametegemea shule za ng'ambo. Zilikuwepo familia za Kikongo zilizopanga nyumba Kamembe huku watoto wakivuka asubuhi kusoma Bukavu kwa Kifaransa. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, utaratibu huo ulikatika ghafla, na Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, hofu ya wazazi ilikuwa kubwa kuliko suala la masomo.

Lakini bango linalotangaza Kiingereza kwenye lango la shule halimfundishi mtoto kusoma. Anayejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa hupeleka ujuzi huo kwenye lugha ya pili. Anayekariri sauti asizozielewa huchelewa kote kuwili. Mzazi aombe kukaa nyuma ya darasa la kwanza kwa nusu saa. Asikilize kama watoto wanajibu kwa maneno yao, au wanaitikia kwa pamoja mwisho wa sentensi ya mwalimu. Na pale Nkombo, mwalimu anayejua Kihavu apewe darasa la kwanza badala ya kupelekwa la sita.

Shule nazo zina deni. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na watoto wa miji ya mpakani kama Kamembe na Bugarama wanafika nacho sekondari kikiwa hai mdomoni. Kufundishwa kukiandika vizuri kungewapa kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022. Hata hivyo, mwanafunzi anapomaliza kidato cha tatu, nyumbani husukumwa kwanza kwenye sayansi, na mchepuo wa lugha huonekana wa walioshindwa. Uamuzi huo wa kidato cha tatu, pamoja na ualimu na shule za ufundi, tutauchambua katika sehemu ya tatu.