Faili linafika zima, sauti inakatika: kwa nini?

Wadau, jana hapa kafe jamaa kataka kurudishiwa hela. Fomu yake ya chuo imeshuka polepole lakini imefika nzima, ila alipompigia dada yake kwa kompyuta ileile, maneno yakawa yanamezwa. Eti mashine mbovu. Si mashine, jamani.

Data haisafiri kwa mkupuo, inakatwa vipande vinavyoitwa paketi. Faili kwa kawaida hubebwa na TCP. Hii kwanza inabisha hodi, upande wa pili unaitika, nayo inathibitisha, ndipo mzigo unaanza. Kila baiti inahesabiwa, na mpokeaji anajibu "nimepata mpaka hapa". Jibu lisiporudi, kipande kinatumwa tena. Ndo maana faili linakwamakwama.

Simu ya intaneti mara nyingi hutumia UDP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1980. Haibishi hodi wala haingoji jibu. Kichwa cha paketi yake ni baiti 8 tu, cha TCP ni 20 kwenda juu. Kipande kikipotea, ndo basi tena. Watu wanaionea bure: "haloo" ikichelewa sekunde tatu ina faida gani? Bora ipotee, maongezi yaendelee.

Na msiidharau. QUIC, iliyopitishwa rasmi mwaka 2021, imejengwa juu ya UDP hiyohiyo na inatuma upya yenyewe kilichopotea. Brauza kubwa zote zinaitumia.

Jamaa sikumrudishia kitu. Nilimwomba jirani yake asimamishe kudaunlodi muvi, dada akaanza kusikika.