Kilo Sitini za Korosho au Elfu Mbili kwa Siku?

Tumchukue mfanyakazi wa kawaida wa Masasi: karani wa duka la pembejeo, mwalimu, au muuguzi wa hospitali ya Mkomaindo. Kazi yake iko jirani na soko la Mkuti, nyumba yake iko kilomita nne nje ya mji. Asubuhi anapanda bodaboda, jioni anapanda tena. Nauli hubadilika kwa kijiwe, kwa saa, na wakati mwingine kwa sura ya abiria, kwa hiyo hapa natumia shilingi 1,000 kwa safari kama kipimo cha hesabu tu. Wa Newala au Ndanda aweke yake. Mpangilio wa hesabu haubadiliki.

Elfu mbili kwa siku haimshtui mtu, na hapo ndipo inapomshika. Kwa siku 24 za kazi ni 48,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 576,000. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni 500,000. Aliye kwenye ngazi hiyo anatoa karibu sehemu ya kumi ya mshahara, kabla ya makato, ili tu afike kazini na kurudi. Karani wa duka la mtu binafsi mara nyingi yuko chini ya hapo, na kwake fungu hilo ni kubwa zaidi.

Sasa baiskeli. Mpya ya chuma, ile nzito ya mtaimbo na keria kubwa, tuiwekee 250,000. Matunzo tuyape 8,000 kwa mwezi, na hapo nimejitanua kidogo: pancha, tyubu kila baada ya miezi kadhaa, mipira ya breki, mafuta ya mnyororo, gololi mara moja kwa mwaka. Mwaka wa kwanza jumla inakuwa 346,000. Mwaka wa pili ni 96,000 peke yake, dhidi ya 576,000 zilezile za bodaboda. Yaani abiria wetu ananunua baiskeli nzima kila miezi mitano na siku chache, halafu anaiacha kijiweni.

Huku kusini vitu vikubwa hupimwa kwa korosho, na kipimo hicho ni kizuri kuliko shilingi kwa sababu kinamkumbusha mtu jasho lake. Minada ya kwanza ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU, Oktoba 2024, ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo baiskeli yetu ni kilo sitini na ushei, haifiki gunia. Pikipiki mpya, tukiiwekea milioni tatu, ni kilo 750, na hapo makato ya ushirika hayajaguswa. Kwa bei ya 2018, serikali iliponunua korosho kwa 3,300, pikipiki hiyohiyo ingetaka kilo zaidi ya 900.

Lakini wengi hawalinganishi bodaboda na baiskeli. Wanalinganisha bodaboda na pikipiki yao wenyewe, na hapo ndipo watu wenye akili timamu wanapopigwa. Mwenye pikipiki atakuonyesha petroli: kilomita nane kwa siku ni 192 kwa mwezi, pikipiki ndogo inayokwenda kilomita 45 kwa lita itakunywa lita nne na kidogo. Kwa petroli ya 3,000 kwa lita, ambayo nayo inategemea tangazo la bei la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi, haifiki 13,000. Ongeza oili, bima, matairi na vipuri, tuseme 15,000. Jumla 28,000. Amekushinda wewe wa bodaboda kwa elfu ishirini, na atakwambia hivyo.

Alichokisahau ni pikipiki yenyewe. Milioni tatu zikigawanywa kwa miaka mitano ni 50,000 kila mwezi. Hata akiiuza milioni moja mwishoni, zinabaki elfu 33 na ushei kwa mwezi za chombo kuchakaa tu. Ukijumlisha na zile 28,000 unapata kama 61,000: zaidi ya bodaboda, na mara kadhaa ya baiskeli. Pikipiki ya kwenda na kurudi kazini pekee ndiyo ghali kuliko zote. Wenyewe wanalijua hilo kimoyomoyo, ndiyo maana wengi humkabidhi kijana aipigie abiria mchana na kuleta hesabu. Basi saa kumi jioni mwenye pikipiki anasimama nje ya ofisi akipiga simu, kijana yuko Chikundi na abiria.

Na hapo ni kwa aliyelipa taslimu. Aliyechukua kausha damu, ule mkopo wa riba kubwa, ili apate pikipiki asisumbuke na hesabu zangu. Zake zinafanywa na mtu mwingine kila wiki.

Fedha ikishasema, barabara nayo ina neno. Masasi na Newala ni miji miwili ya mkoa mmoja, lakini kwa mwendesha baiskeli ni nchi mbili.

Masasi iko chini, kati ya vile vilima vya mawe, na imebarikiwa lami: inayokwenda Mtwara na inayokwenda Tunduru hadi Songea. Kwenye lami baiskeli ya chuma, hata ile isiyo na gia, inateleza yenyewe. Kilomita nne ni robo saa, dakika ishirini kwa asiye na haraka. Kwa miguu ungehitaji kama dakika hamsini. Pikipiki itakuwahi kwa dakika kumi, na sioni ni kazi gani ya maana hufanywa nyumbani katika dakika hizo kumi.

Tatizo la lami ni wale unaoitumia nao. Njia hiyo ndiyo ya malori yanayoshusha makaa ya mawe kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, na lori lenye shehena halimkwepi mtu wa baiskeli. Mtu wa baiskeli ndiye anayeshuka kwenye changarawe. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua si bei. Ni saa ngapi unatoka kazini. Mtumishi wa serikali anayefunga saa 9:30 alasiri ana mwanga wa kutosha mwaka mzima. Karani wa duka anayefunga saa 12 jioni ana shida: mwezi Juni jua huzama huku muda mfupi baada ya saa hiyo, na giza la kusini halina subira. Januari anapata karibu robo tatu ya saa ya ziada.

Anayerudi gizani aongeze taa kwenye bajeti, na aanze na ya nyuma. Watu hununua ya mbele kwanza kwa sababu wanataka kuona njia. Mimi naona kwenye barabara ya malori ni afadhali nikose kuona shimo kuliko dereva akose kuniona mimi. Dinamo haina gharama baada ya kuinunua, lakini nyingi huzimika ukisimama, tena ukisimama pembeni kupisha lori, wakati hasa unaotaka kuonekana. Taa ndogo ya kuchaji iliyofungwa chini ya siti, na kipande cha kiakisi kwenye madigadi ya nyuma, vinatosha.

Newala ni habari nyingine. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, Mtwara hadi Mnivata kikitangulia. Lakini lami ya barabara kuu haikufikishi mlangoni. Ukiacha barabara unaingia mchangani, na mchanga wa Makonde wakati wa kiangazi unameza gurudumu jembamba. Unashuka, unasukuma, unapanda, unashuka tena. Aliyejenga chini ya ukingo wa uwanda na anafanya kazi mjini asidanganywe na mtu: kwenda kazini ni kusukuma, kurudi ni breki. Huyo anunue breki nzuri au apande gari.

Hata hivyo Newala ndiko baiskeli inakofanya kazi ambayo hesabu yangu ya juu haikuihesabu. Uwanda huu hauna mito. Maji ya mvua hupotelea mchangani. Mradi wa maji wa Makonde, wenye chanzo chake Mitema kwenye bonde la Kitangari, ulianza tangu enzi za mkoloni na mpaka leo kuna siku bomba linakauka. Safari ya kutoka kazini hupitia kioski cha maji. Baiskeli ya keria kubwa inabeba madumu mawili ya lita 20, na wenye ujuzi hufunga matatu, kilo sitini, wakaisukuma. Bodaboda naye atakubebea, lakini atahesabu madumu kama abiria. Kaya inayochota madumu mawili kila jioni inaweza kuokoa kwenye maji zaidi ya inachookoa kwenye nauli. Hapo baiskeli ya Newala, pamoja na mchanga wake wote, inalipa kuliko ya Masasi.

Baiskeli ipi? Madukani kuna aina tatu, na muuzaji atakusukumia ile ya katikati.

Ya kwanza ni hiyo ya chuma, Phoenix na ndugu zake. Nzito, breki za vyuma, haina gia, haina urembo. Sifa yake kubwa ni kwamba kila fundi chini ya mwembe ana spoku zake, tairi lake namba 28 liko hata kwenye duka la kijijini, na fremu ikivunjika, inachomelewa.

Ya pili ni ile mpya yenye springi mbele na gia nyingi, rangi zinazong'aa, vijana wanaipenda. Tairi zake pana ni nzuri mchangani, hilo ni kweli, na ndilo pekee ningelilipia. Springi za bei rahisi zinakula nguvu zako kila unapokanyaga pedali, na gia za nyuma zikishapata mchanga zinaanza kuruka. Ukimuuliza fundi mkweli atakwambia, "Dada, chukua hiyo, ila gia zikifa tutaifunga iwe moja." Mbona usinunue ya moja tangu mwanzo?

Ya tatu ni ya mtumba kutoka Japani: kikapu mbele, dinamo, kufuli lake, haina mtaimbo, kwa hiyo mwenye gauni au kanga anapanda bila vituko. Kwa lami ya Masasi hakuna inayostarehesha kuliko hii. Lakini tazama mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Soma ubavu wa tairi: ya 26 utaipatia mpira, ya 27 utahangaika. Halafu tazama kitovu cha gurudumu la nyuma. Kikiwa kinene na kina waya wa gia unaoingia ndani, ni gia za ndani, tamu mpaka siku zitakapoharibika, na siku hiyo atakayezifungua utamtafuta mbali.

Kama ningekuwa naishi Newala ningechukua ya chuma na kuomba tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu, nikipunguza upepo kidogo kiangazi. Masasi ningechukua ya mtumba, namba 26.

Mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, haibadilishi uamuzi sana. Mchanga wa Newala ukilowa unakuwa mgumu na baiskeli inakimbia. Udongo wa Masasi unaganda kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Weka kijiti cha kukwangulia na uondoke mapema.

Muuguzi wa zamu ya usiku simshauri abane matumizi kwa usalama wake. Lakini kuwa na baiskeli si kiapo. Tuseme siku sita kwa mwezi anapanda bodaboda ya dereva anayemjua, kwa simu, na siku 18 anaendesha. Nauli 12,000, matunzo 8,000: anatumia 20,000 badala ya 48,000, na baiskeli inajilipa ndani ya miezi tisa. Kwa familia nyingi huu ndio mpango unaotekelezeka, kuliko ule wa kuapa kwamba bodaboda basi.

Kizuizi ni ile 250,000 ya mkupuo. Elfu mbili ya leo ipo. Robo milioni haipo. Mchezo wa watu kumi wa 25,000 kwa mwezi unaitoa bila riba, na anayepokea wa kwanza anaanza kuokoa nauli kabla hajamaliza kuchangia. Mwenye mshahara asinunue kati ya Oktoba na Desemba, fedha za korosho zinapotembea na wauzaji wanajua. Angoje Aprili au Mei. Miezi hiyo mikavu mifukoni ndiyo pia wakulima huuza baiskeli walizonunua msimu, zingine hazijafutika hata rangi ya pedali. Ukiipata hiyo, inua gurudumu la nyuma na ulizungushe ukiangalia kama linayumba, sikiliza gololi, kisha mwende wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa mwandikishiane mauziano, pamoja na namba iliyogongwa kwenye fremu chini ya siti. Anayekataa kwenda kwa mwenyekiti, mwachie baiskeli yake.