Mizani ya Nuru: Taa za Angani Zinavyosahihisha Darubini

Kila mwaka afisa wa mizani na vipimo hufika sokoni na sanduku lake la mawe. Mfanyabiashara huleta mizani yake, mawe huwekwa juu, mshale husomwa, na mizani ikionekana kusema kweli hupigwa muhuri. Mawe hayo ya afisa nayo yamelinganishwa na mengine yaliyo sahihi zaidi yanayotunzwa Nairobi, na ya Nairobi yamelinganishwa na vipimo vya kimataifa. Mkazi anayenunua kilo mbili za maharagwe hauoni mnyororo huo, lakini ndio unaomhakikishia kwamba hajapunjwa.

Wanaastronomia wana shida ya aina hiyo hiyo, ila bidhaa yao ni nuru. Darubini kubwa ni mizani ya kupimia nuru ya nyota, na kwa miaka mingi mizani hiyo imetumika bila jiwe la uhakika la kuipimia.

Nuru inayotoka kwenye nyota hupita kwanza katika angahewa ya dunia. Vumbi, mvuke na moshi hula sehemu yake, na kiasi kinacholiwa leo si kile cha jana. Ikifika kwenye darubini hukuta kioo chenye vumbi na kihisi ambacho huchakaa kadiri miaka inavyopita. Namba inayoonekana kwenye kompyuta basi haitoshi kueleza ni nuru kiasi gani iliyoondoka huko ilikotoka.

Hadi sasa njia ya kawaida imekuwa kulinganisha nyota na nyota. Mwanaastronomia Mmarekani Arlo Landolt, aliyefariki mwaka 2022, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima mamia ya nyota na kuziorodhesha ili wenzake wazitumie kama mawe ya mizani. Nyingi alizichagua karibu na ikweta ya anga, ili darubini za kaskazini na za kusini zote ziweze kuziona. Kwa mkazi wa Nanyuki au Maseno, nyota hizo hupita karibu juu ya utosi.

Hata hivyo, hakuna aliyewahi kufika kwenye nyota hizo akapima taa yake papo hapo. Ni kama masoko yote ya kaunti yakubaliane kutumia jiwe moja ambalo uzito wake haujulikani vizuri. Masoko yatapatana yenyewe kwa yenyewe, lakini jiwe likiwa jepesi, wote watakuwa wamepunja bila kujua.

Kosa dogo hapa lina gharama kubwa. Mwaka 1998 vikundi viwili vya watafiti viligundua kwamba nyota fulani zilizolipuka mbali sana zinaonekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba ulimwengu unatanuka, na kasi ya kutanuka inazidi kuongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Kinachosukuma kutanuka huko kimepewa jina la nishati ya giza, ingawa jina si maelezo. Swali la sasa ni kama nguvu ya nishati hiyo haibadiliki au imekuwa ikibadilika tangu zamani.

Jibu limejificha katika tofauti ndogo za mwangaza. Kutanuka kwa ulimwengu huvuta nuru ya nyota za mbali kuelekea rangi nyekundu, hivyo mlipuko wa karibu hupimwa kwa rangi moja na wa mbali kwa rangi nyingine. Darubini ikipunja kidogo kwenye nyekundu kuliko kwenye buluu, kosa hilo litaonekana kana kwamba ni ulimwengu wenyewe uliobadilika. Asilimia moja tu yaweza kumpotosha mtafiti.

Njia ya kuondoa shaka hiyo ni kutengeneza nyota ya bandia: taa iliyopimwa vizuri maabara, kisha ikapelekwa juu ya hewa. Mwanafizikia Justin Albert wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, na wenzake walianza na puto, katika mradi unaoitwa ALTAIR. Puto la gesi ya heliamu hubeba chombo chepesi chenye leza. Nuru ya leza huingizwa ndani ya tufe lenye uwazi ambalo ukuta wake wa ndani huitawanya, ikatoka imetulia na kuenea sawasawa. Kihisi kilichopimwa maabara huhesabu nuru inayotoka na kutuma hesabu hiyo chini. GPS hueleza umbali. Kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili nuru hupungua mara nne, watafiti hujua kiasi kinachopaswa kufika. Kinachokosekana kimeliwa na hewa au na darubini yenyewe.

Wakenya wengi wanakumbuka maputo ya intaneti yaliyopeperushwa mwaka 2020 juu ya maeneo ya magharibi na kati ya nchi, kilomita 20 hivi kutoka ardhini. Kwenye kimo hicho zaidi ya asilimia 90 ya hewa huwa imebaki chini. Puto ni rahisi na chombo chake huweza kuokotwa na kutumiwa tena. Lakini huyumba, husukumwa na upepo, na usiku mmoja ukiisha kazi yake imekwisha.

Ndipo setilaiti ndogo ikaingia. ORCASat, iliyoundwa na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kanada, ilirushwa Novemba 2022 na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, njia ile ile iliyotumiwa na setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mei 2018. Ile ya Kenya ilikuwa na upana wa sentimita 10 kila upande. Ya Kanada ilikuwa kama mbili za namna hiyo zilizounganishwa. Ugumu wake ni mwendo. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu hukatiza anga kwa dakika chache tu, na darubini kubwa haikuundwa kukimbizana na kitu cha namna hiyo.

Marekani sasa inataka kuiweka taa mbali zaidi. NASA imeidhinisha setilaiti inayoitwa Landolt, kwa heshima ya mwanaastronomia huyo, kwa gharama ya dola milioni 19.5. Inaongozwa na Chuo Kikuu cha George Mason, na leza zake nane zinashughulikiwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Imepangwa kurushwa mwaka 2029 hadi kilomita 35,785 juu, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia na kuonekana karibu kama imesimama.

Mkazi atakayetoka nje usiku kuitafuta hataiona. Mwaka wake wa kwanza imepangwa kuwa juu ya Marekani, na nuru yake ni hafifu mara 100 hivi kuliko kile jicho linachoweza kuona. Vimulimuli vinavyopita kimya angani muda mfupi baada ya magharibi ni setilaiti nyingine, zinazoakisi jua ambalo kwa walio chini limeshatua.